Mashine Tunayo

Mwaka 1978 hapakuwa na fundi redio Singida mjini aliyejiamini kama mimi Laurian, na nikikumbuka sasa naona haya. Meza yangu ilikuwa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mama Induben, aliyeniachia pembe moja yenye kivuli. Imani yangu ilikuwa moja tu: chombo kikitoa sauti ya ajabu, kosa ni la chombo.

Asubuhi moja Hansa, bintiye Induben, aliniletea redio kaseti yao.

"Shikamoo fundi. Inakimbia."

"Marahaba. Inakimbia kwenda wapi?"

Hakucheka. Binamu yake aliyeko Leicester, Uingereza, alikuwa amemtumia kaseti ya vijana wa huko, akaiweka nisikie. Gitaa lilikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Ngoma zilifukuzana. Kijana mmoja akafoka maneno yote kwa pumzi moja, na kabla sijakaa sawasawa kwenye kigoda, wimbo ukawa umekwisha. Dakika mbili hazikutimia! Kwenye nyimbo za dansi nilizozizoea mimi, dakika mbili ndiyo kwanza gitaa linapiga hodi.

"Mota hiyo," nikasema, nikachukua bisibisi.

Dada yangu Anastazia alikuwa ameketi hapo hapo barazani, mimba yake ya miezi saba mbele na debe la uwele pembeni. Alikuwa ametoka kijijini kwetu, kule mbele ya Ilongero, kuja kusaga mjini. Si kwamba kijiji hakikuwa na mashine. Tulipewa tulipohamia pamoja kwenye kijiji cha ujamaa, lakini mkanda wake ulikatika, na huo ulikuwa mwezi wa nane tangu ukatike. Mwenyekiti wetu, Mzee Gasto, hakutaka kuipeleka habari hiyo wilayani, maana kijiji chake kilikuwa kimetajwa kuwa cha mfano. Kwa hiyo mashine ilifungiwa stoo, na wanawake wakarudi kwenye kinu na barabarani.

"Anagombana na nani huyo?" Anastazia akauliza.

Hansa akakaa naye. Alisema hao ni vijana ambao hata gitaa hawalijui vizuri. Wanasema mwenye neno aliseme, asingoje kufundishwa. "Hapa anaimba: tuna kila kitu, asanteni, tuna kila kitu."

"Mbona anashukuru kwa hasira?"

"Kwa sababu hana kitu, dada. Kazi hana. Anakaa ghorofa ya kumi na mbili, na lifti, ile mashine ya kupandisha watu, imekufa. Mkubwa wa mtaa amesema mambo yote safi. Basi yeye anayarudia maneno ya mkubwa vile vile. Hajaongeza hata moja."

"Kumbe na kwa Wazungu mashine zinakufa na mwenyekiti ananyamaza!" Anastazia alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka, akamwambia Hansa auweke tena. Wakausikiliza mara nne.

Zamu yangu ikafika. Nilifungua chombo, nikaikuta skrubu ya mwendo, nikaikaza kidogo kidogo mpaka ngoma zikaanza kutembea kama watu wazima na yule kijana akapata sauti ya mzee wa kanisa. Nikamkabidhi Hansa kwa madaha.

"Umemharibu, kaka," Anastazia akasema. "Sasa anashukuru kweli."

"Wewe unajua nini kuhusu mota?"

Kesho yake Mama Induben alitoka dukani na kaseti yake ya bhajani, nyimbo za kumwomba Mungu. "Fundi, bhajani zangu zinasinzia. Umefanya nini?" Nilirudisha skrubu nilipoikuta. Chombo kilikuwa kizima tangu mwanzo. Yule kijana alikuwa anakimbia kwa hiari yake.

Jambo hilo lilinikaa kichwani. Mtu ana wimbo, ana gitaa, anachagua kusikika vibaya, kwa nini? Kila adhuhuri nilimwomba Hansa aniwekee. Kwanza masikio yaliniuma. Siku ya tano nikajikuta nagonga meza kwa bisibisi, na nilipogeukia redio nyingine ya kutengeneza, mwimbaji wa mapenzi alinichosha kama mgeni asiyeaga. Nilianza kuelewa kwamba maneno yanaweza kusema hili na sauti ikasema lile, na anayesikiliza akaiamini sauti.

Mwezi huo Katibu wa Chama wa wilaya alitangaza kuja kijijini. Mzee Gasto aliwaandikia wanawake wimbo kwa mkono wake: "Mashine tunayo, unga tunao, asante viongozi." Kila mtu alijua maana yake. Katibu akiondoka na wimbo huo masikioni, mkanda hauji mwaka huo, na Anastazia atajifungua akiwa na debe kichwani. Mimi niliitwa kufunga kipaza sauti. Nilivaa shati jeupe.

Risala ilisomwa, watu wakipiga soga zao chini chini. Kisha wanawake wakaingia na vinu na michi. Mzee Gasto akatabasamu, akidhani ni pambo. Anastazia akasimama mbele ya kipaza sauti, tumbo limetangulia.

"Mashine tunayo!" Michi ishirini ikashuka pamoja.

"Unga tunao!" Ikashuka tena.

Wimbo haukuwa na mahadhi hata kidogo. Waliuimba mbio, wakifoka, wakirudia, na vinu vitupu vikajibu kwa mlio mkavu ambao kila mwanamke pale aliujua. Neno la Mzee Gasto halikubadilishwa hata moja. Uwanja mzima hakuna aliyejua kama mimi kile tulichokuwa tunasikia.

Mzee Gasto akanitazama, akashusha kiganja taratibu: punguza.

Nikapunguza. Sina la kujitetea. Niliogopa, na mkono wangu ulikuwa umezoea kazi hiyo, kutuliza sauti ili watu wasisumbuke.

Anastazia alinigeukia mara moja tu, akaendelea. Waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza ili wamsikie. Wa nyuma wakasogea mbele. Michi haikuhitaji betri. Katibu akainuka kitini, akaja mpaka kwenye vinu, akainama akachungulia ndani ya kimoja, kisha kingine.

"Ndugu Mwenyekiti," akasema wimbo ulipokwisha, "wenye mashine wanatembea na vinu vya nini? Twende nikaione."

Ufunguo wa stoo ulitafutwa muda mrefu sana, lakini Katibu alisubiri.

Mkanda ulifika wiki ya tatu. Mwezi uliofuata nilikwenda na sukari na sabuni kumwona mpwa wangu mpya, na nilipokaribia nyumba nikaisikia mashine ikinguruma. Tangu siku ile Anastazia alikuwa hajaja barazani kwangu. Alipokea zawadi, akanipa uji wa unga wa hapo hapo kijijini, akaketi kando ya mtoto aliyelala.

"Dada," nikasema, "siku ile niliogopa. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Mtoto akaamka, akaanza kulia kwa nguvu zote alizozaliwa nazo, nami bila kufikiri nikaweka uji chini na kunyoosha mikono nimbembeleze. Anastazia akamvuta kwake.

"Mwache kwanza tumsikie anataka nini," akasema. "Huyu, kaka, usimtafutie skrubu."