Mlinzi Katika Picha za Wageni

Ukitaka kujua kama mji umekuwa maarufu, angalia watu wanavyoupa mgongo. Hapa Jeddah, kila jioni wageni huja ufukweni kuona chemchemi inayorusha maji juu kupita ghorofa lolote nililowahi kuliona kwetu Webuye. Wakifika tu, wanaigeuzia kisogo, wanatabasamu na kunikabidhi simu. "Picha, picha!" Wametoka Jakarta, Istanbul, Madrid. Miaka sita nimelinda kipande hiki cha ufuko, na sijaona mgeni aliyeyatazama maji yale kwa dakika tano. Hunikera, lakini nawapiga picha, maana wana adabu zao.

Nikiachwa peke yangu, mimi huyatazama. Upepo huyavuta pembeni, yakashuka polepole kama unga unaochekechwa, na jua la magharibi likipenya ndani yake naona rangi nisizozijua majina. Hapo husahau ikama yangu ya ukaazi, kafili aliyenidhamini na chumba chetu cha mtaa wa Kandara chenye vitanda sita. Huota nimemshika mkono Stacy, binti yangu, tunalowa pamoja na kucheka. Nilimwacha akiwa na miezi minne.

Stacy alikuwa na mchezo wake. Akitoka shule huchukua simu ya mama yake, Peris, na kutafuta mtandaoni picha za wageni wa Jeddah, akinisaka nyuma yao. Tukiongea kwa video huniona uso tu. Yeye alitaka kumwona baba mzima.

"Daddy, nimekupata tena! Leo uko nyuma ya mama mmoja mnene. Umesimama smart!"

Nilifurahi kupita kiasi. Kumbe umaarufu wa mji una faida, nikajisemea, dunia nzima inampelekea mtoto wangu picha zangu bure.

Ndiyo maana mkataba wangu ulipokaribia kuisha, sikuhangaika. Bosi alitaka nihamie Riyadh, nilale mtaa wa Al-Suwaidi na kulinda uwanja mpya wa maonyesho. Riyadh nayo siku hizi inautafuta umaarufu kwa udi na uvumba. Miaka miwili mingine. "Yalla, Dalmas, Alhamisi unipe jibu." Nikawaza: wageni watakuwepo, picha zitakuwepo, Stacy ataendelea kuniona. Moyoni nilikuwa nimeshatia sahihi.

Jumatano, siku yangu ya mapumziko, nilikuwa nakula hotelini, mtaa wa Sharafiya, na Protus, mwenzangu wa zamu. Nikamwomba Peris anitumie zile picha zote, nijigambe kidogo. Zikaja thelathini na moja.

Protus akaanza kucheka. "Dalmas, huyu si ni mimi? Na huyu pia. Cheki kitambi!"

Nilizipitia moja moja. Protus, Protus, jamaa mmoja wa Uganda, Protus tena, wote kwa mbali, ndani ya sare kama yangu. Mimi sikuwemo hata moja. Ningekuwemo vipi, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu?

Nilimpigia Peris pale pale. "Peris, wewe unanijua. Hukuona?"

"Niliona tangu ile ya kwanza. Lakini alikuwa amefurahi sana, baba Stacy. Ningemwambia nini?"

Nilimkasirikia Peris. Nikawakasirikia wageni wote wa dunia, na Protus na kitambi chake. Hasira ilipokosa pa kwenda ikanirudia mwenyewe, nikaisukuma sahani kando. Protus aliacha kucheka.

"Ndugu yangu, asiyekuwapo na lake halipo," alisema, akanisogezea maji ya kunywa.

Alhamisi asubuhi nilikwenda ofisini. Karatasi zilikuwa mezani, kalamu juu yake, kila kitu tayari.

"Bosi, halas, basi. Mafi Riyadh, siendi. Nataka kwenda nyumbani."

Alinitazama kwa mshangao. "Umepata kazi nzuri zaidi huko?"

"Hapana, bosi. Nina mtoto wa miaka sita, na hajui baba yake akisimama anafananaje."