Taa ya Kijani

Mwanafizikia alivaa glavu nene, akavuta trei ya udongo kutoka kwenye oveni ya maabara, akaiweka juu ya mizani na kusubiri namba zitulie. Uzito ulikuwa umeshuka tena, ila kidogo. Akairudisha. Udongo hukaushwa, ukapimwa, ukakaushwa tena mpaka usiwe na cha kupoteza. Kilichopungua ndiyo maji yaliyokuwemo.

Kaka yake alikaa kwenye stuli karibu na mlango, miguu ameikunja kama mtu anayeogopa kuchafua sakafu. Udongo ule ulitoka kwenye shamba lake la mahindi, lililokauka lote.

"Masomo yote yale, Profesa," alisema, "kumbe ulikuwa unasomea upishi."

Akacheka peke yake. Mdogo wake alijaribu kucheka, midomo ikagoma.

Kwa miaka mingi mwanafizikia alikuwa amechunguza jinsi vitu mbalimbali vinavyopitisha umeme, na kuandika makala zilizosomwa na wenzake wachache. Mvua zilipoanza kwenda kombo, akaona elimu ile ishuke shambani. Akaunda kifaa cha kuchomeka ardhini, chenye vyuma viwili na taa, kinachopima maji ya udongo kwa umeme unaopita kati ya vyuma hivyo. Ikiwaka nyekundu, fungua maji. Ikiwaka kijani, udongo bado umelowa, subiri. Kaka yake alikuwa wa kwanza kukichomeka, tena akawashawishi majirani nao wakachomeka vyao. Kwake taa haikuacha kuwaka kijani, na mahindi yakafa mbele yake.

Tangu asubuhi kaka alikuwa akizungumzia ugonjwa. Alisikia upo unaokula mizizi, haubagui penye maji wala pakavu. Alitaka mizani iseme udongo una maji, ili kifaa kiwe kimesema kweli na mahindi yawe yameuawa na kitu ambacho si ndugu yake.

Safari hii uzito haukushuka. Mwanafizikia akapiga hesabu, akairudia. Udongo ulikuwa mkavu tangu shambani. Akachukua kidogo, akaukoroga kwenye maji safi na kuyapima chumvi. Kipimo kikapanda mpaka mwisho.

Akamuuliza kaka alikuwa akimwagilia maji gani kabla ya kuchomeka kifaa. Kaka akasema mto ulipopungua alichimba kisima, na maji yake yana ukakasi wa chumvi. Hata ng'ombe huyanywa shingo upande. Mwanafizikia hakuwahi kuuliza. Kifaa alikijaribu kwa udongo wa nyuma ya jengo hili, kwa sababu ulikuwa karibu. Chumvi huongeza umeme unaopita, ndiyo maana udongo mkavu ulisomeka kama umelowa.

Angeweza kusema ni ugonjwa. Alilifikiria hilo, tena kwa muda mrefu kuliko alivyopenda.

"Si ugonjwa, kaka. Yamekufa kwa kiu. Chumvi imekidanganya kifaa, na mimi sikukijaribu kwenye udongo wako."

Kaka akashusha miguu sakafuni. Kisha akaeleza, taratibu, kwamba majani aliyaona yakijikunja. Mkewe alimwambia afungue maji, wakagombana hadi wakalala hawasemezani.

"Sasa mbona hukufungua?"

"Taa ilikuwa kijani. Na taa ni yako."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, ingekuwa nafuu.

Mashamba ya majirani yalikuwa bado hai. Mwanafizikia akaanza kuwapigia simu mmoja mmoja, akiwaambia waving'oe vifaa na wamwagilie leo hii. Wawili walikubali. Wa tatu akasema haelewi. Aliyewahimiza waiamini taa ni kaka mtu, basi yeye anasemaje?

Akamnyooshea kaka simu. Kaka akaitazama muda, ndipo akaipokea.

"Fungua maji," alisema. "Usiangalie taa. Mimi niliiangalia." Akakata bila kuaga.

Waliobaki kaka aliwapigia mwenyewe, mgongo ameugeuzia dirisha. Alipomaliza aliiweka simu mezani, akasimama. Mdogo wake akamwambia kesho ataenda kuchukua udongo wa kila shamba, aupime mmoja mmoja kama alivyopaswa kufanya mwanzoni. Akamuuliza kama watapita pamoja kwa majirani. Kaka akasema ataona. Akatoka, akaufunga mlango polepole.

Mwanafizikia akafungua bomba na kuanza kuosha mikebe ya kubebea udongo wa kesho. Ilikuwa mingi. Alikuwa hajafika nusu mlinzi alipogonga kusema anafunga jengo. Akaiacha mingine ndani ya sinki, akaenda kutafuta funguo zake.