Kigelegele cha Mazishini

Mama alipiga kigelegele katikati ya mazishi.

Mazishi yenyewe yalikuwa ya kwenye filamu, sebuleni kwetu Enugu, na mama alikuwa jikoni, ameipa televisheni mgongo, anakoroga supu ya majani machungu. Lakini aliyekaa kando yangu alikuwa Okwudili, mwongozaji, na filamu ilikuwa yake. Nilitamani kochi linimeze, ila lilikuwa limeshammeza yeye.

Leo muziki wangu unasikika kwenye tamthilia ambazo hata mimi sizimalizi kutazama. Wakati ule nilikuwa na kinanda chenye vitufe viwili bubu, na sifa ya umbea. Ndivyo tulivyofanya kazi sote tuliotunga muziki wa filamu: unaitazama filamu, unatunga wimbo unaoisimulia, unaubandika. Mke akipanga kumtilia mumewe sumu, mwimbaji keshamtaja kabla hajashika sufuria.

"Tobenna, nyimbo zako zina mdomo kuliko majirani," Okwudili alikuwa ameniambia. "Safari hii sitaki neno hata moja. Nataka fidla. Watu walie kistaarabu. Ukiweza, filamu zangu zote ni zako. Ukishindwa, namfuata yule jamaa wa Onitsha."

Nikamwekea fidla. Ndefu, tamu, zinapanda taratibu mpaka unasahau kupumua. Nilijipenda wiki nzima. Akaja kuzisikiliza. Jeneza la Nkemdilim, binti aliyetaka kuolewa na mwalimu, likashushwa, fidla zikapanda, na jikoni mama akazipokea kwa kigelegele.

"Hongera, bibi harusi!" akaongeza. "Kampata yule mwalimu?"

Mtaani kwetu fidla za namna ile zilipigwa ukumbini tu, bibi harusi akiingia.

"Mama, amekufa," nikasema.

"Nani?"

"Bibi harusi."

"Ee! Amekufa saa ngapi, na hamniambii?"

Okwudili akasimamisha filamu. "Filamu ni ya kutazamwa, mama," alisema kwa adabu iliyomgharimu.

"Nikitazama, supu ataikoroga nani? Wewe?" mama akajibu bila kugeuka. "Mwanangu, saa hizi mtaa mzima tuko jikoni. Huyu Tobenna ndiye hutuambia kinachoendelea."

Okwudili akachukua funguo zake mezani. Niliiona kazi yangu inavaa ndala, inaelekea mlangoni.

Maneno ya kumbembeleza sikuwa nayo. Nikairudisha filamu nyuma, nikazizima fidla, nikavuta kinanda magotini. Jeneza lilipoanza kushuka tena nikaimba kilichonijia, pole pole, nikivikwepa vile vitufe bubu:

*Nkemdilim, gauni lako bado liko kwa fundi.*
*Ameshona kifungo cha mwisho, anauliza utakuja lini.*
*Nkemdilim, tumtume nani akalichukue?*

Mwiko ukaacha kugonga sufuria.

Niliendelea, maana sikujua niishie wapi. Okwudili alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, na hakuwa anaitazama filamu yake. Alikuwa anatazama jikoni. Mama bado alikuwa ametupa mgongo, lakini mabega yalikuwa yameshuka, na mkono mmoja ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Wimbo ulipokwisha, harufu ikatufikia.

Tulikula supu iliyoungua, sote watatu, funguo zikiwa zimerudi mezani. Okwudili aliomba aongezewe.