Majani ya Mgeni

"Mama, haya majani umeyachuma wapi?"

Mama Onja alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeliazima. Mbele yake mpimaji wa karakana ya dawa, binti mwenye miwani, aliuinamia mrija wa kioo ambamo mafuta ya kivumbasi yalipaswa kuelea.

"Nyumbani kwangu, mwanangu. Kwani yana nini?"

"Hayana kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Karakana ikikataa kivumbasi cha Mama Onja, bustani inakwenda. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikwishatoa kauli: kiwanja ni cha familia, na majani yasiyo na mnunuzi ni magugu yenye jina. Yasipopita leo, anang'oa yote ajenge vyumba vya kupangisha.

"Yalikuwa kivulini?" mpimaji aliuliza.

"Kivulini, hapo hapo bombani! Nayamwagilia asubuhi na jioni. Ni ya mgeni hayo."

"Mgeni gani?"

"Si wewe! Kwetu kizuri huwekewa mgeni. Ulitaka nikuletee yaliyokunjamana?"

Mpimaji alicheka, kisha akakijutia kicheko chake. "Mama, haya yamenenepa maji tu. Dawa iko kwenye mafuta, na mafuta ni haba. Mbegu hiyohiyo ikipigwa na jua, ikanywa kwa shida, mafuta huongezeka. Hata kwenye shina moja, jani changa la juu si sawa na lililozeeka chini. Huna kilichoota juani?"

Alikuwa nacho, kando ya ukuta, kimedumaa, majani kama ndimi za shomoro. Ila asubuhi hiyo, alipomkuta shemeji kashika jembe, alimwambia kwa hasira: "Kama mikono inakuwasha, anza na vile viduchu vya ukutani. Havina faida."

Akampigia shemeji simu. Ikaita, ikaita, ikachoka.

"Mtambo wa kukamulia mafuta nauzima adhuhuri," mpimaji alisema kwa upole. Upole huo ndio uliomtisha zaidi.

Alifika nyumbani anahema, kiatu kimoja mkononi. Ukutani palikuwa peupe, isipokuwa vishina vichache pembeni. Vingine vilirundikwa chini, mizizi juu.

"Shemeji, acha!"

"Nimekutii, shemeji yangu. Mara ya kwanza tangu uolewe, na bado unanifokea?"

Mama Onja alipiga magoti, akatafuna jani moja la kishina kilichosimama. Likamuuma ulimi, likampanda puani hadi machozi yakamlenga. Jani hilo alikuwa akilidharau miaka yote! Akakata ncha za vile vilivyosalia. Kikapu hakikufika hata nusu.

"Jazia na yale manene ya bombani," shemeji alimshauri. "Nani atajua?"

Mkono wa Mama Onja ulikwishafika kwenye jani pana, la kupendeza. Ukasita hapo.

"Kioo kitajua," alisema, akaondoka na hicho kidogo chake.

Shemeji alimfuata hadi karakana, eti asikose mazishi ya bustani. Wakakaa benchi moja. Maji yalichemka, mvuke ukapanda, tone likaning'inia bila kuanguka. Mama Onja alijikuta ameushika mkono wa shemeji. Tone likaanguka. Likafuatwa na jingine, la manjano, zito.

Mpimaji alipima, akarudia kupima.

"Yamepita. Lakini mama, ni haya ya juani tu. Ya kivulini usiniletee tena."

"Basi bustani yenyewe iko wapi?" shemeji alimnong'oneza walipotoka. "Nimeshaing'oa."

Walirudi mbio. Lile rundo lilikuwa limeanza kunyauka. Mama Onja akachimba mashimo palepale juani, akavirudisha vishina kimoja kimoja, akikandamiza udongo kwa viganja.

"Leta maji."

"Si umeambiwa maji yanaharibu?"

"Ya kushikia mizizi, shemeji, siyo ya kunenepea! Leta!"

Alileta. Vishina viliinama vyote, vimelegea kama vitambaa. Shemeji alivitazama, akakuna kisogo.

"Na visiposhika?"

"Vikishika, bustani ni yangu," Mama Onja alisema bila kuinua macho. "Visiposhika, jenga vyumba vyako; kazi ulishaianza."

Shemeji aliokota ndoo, akaenda kuchota maji mengine.