Aliyemchora Ngumi Saba

Kwa miaka ishirini na mbili Ngumi Saba aliwatwanga majambazi gazetini kila Jumamosi, na baba yangu ndiye aliyekuwa akimtuma. Leo ukimtaja, watu wanadhani ni dawa ya mbu. Siwalaumu. Hata mimi nilimchoka. Alikula utoto wangu, akamaliza uvumilivu wa mama, akamwachia baba mgongo uliopinda na ulevi alioacha kwa kuchelewa. Fomu zetu zote za shule alisaini mama, maana baba alikuwa anachora.

Halafu kampuni moja ya vitabu ikatangaza kwamba inamrudisha Ngumi Saba, kitabu kizima chenye jalada gumu. Jaladani, kama mchoraji, palikuwa na jina la bosi wa zamani wa gazeti, ambaye sasa ni marehemu.

"Mwanangu, nataka jina langu tu," baba aliniambia. "Hata liwe dogo kama sisimizi."

Nikampeleka ofisini kwao, shingo upande. Mhariri, mwanamke wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani, alimwamkia kwa heshima, kisha akatandaza mezani kurasa za zamani zilizogeuka njano. Chini ya kila ukurasa palikuwa na sahihi ya bosi, mkia wake umejikunja mara tatu.

"Mzee wangu, sikukatalii," akasema. "Lakini familia ya marehemu wameleta hizi. Wewe una nini?"

Baba hakuwa na kitu. Kila alichochora kilibaki gazetini.

"Nipe karatasi," akasema.

Akaanza na viatu, kama siku zote, kwa sababu aliamini shujaa asiyesimama sawasawa hampigi mtu. Mkono ukamtetemeka. Alipofika magotini mistari ilikuwa imekwenda kombo, akaweka kalamu chini. Nilimwonea huruma, na nikamkasirikia kwa kunifanya nimwonee huruma mbele za watu.

"Basi, pumzika mzee," mhariri akasema taratibu. "Nitaandika kwenye fomu hii kwamba ulikuja na ukasikilizwa. Tia sahihi hapo chini tumalize."

Baba alikuwa amechoka, fomu hata hakuisoma. Akashika kalamu, akaipitisha mara moja, na safari hii mkono haukutetemeka hata chembe.

Mhariri akavaa miwani. Akaiangalia fomu, akaisogeza kando ya ukurasa wa zamani, akaangalia tena. Ilikuwa sahihi ya bosi, mkia umejikunja mara tatu, na wino haujakauka.

"Baba, umeandika nini?"

Alipoiona, aliona haya kama mtoto aliyekojoa kitandani. "Mazoea, mwanangu. Bosi hakuwa na nafasi. Nikimaliza ukurasa natia sahihi yake, ndipo unapokelewa. Nikiacha wazi, unarudishwa."

"Kwa hiyo hizi zote..." mhariri akaanza.

"Zote."

Mwanamke yule alizifunua kurasa moja moja. Kisha akaiweka ile fomu kwenye faili, akatoa karatasi nyingine.

"Jina lako litakaa jaladani, mzee. Tia sahihi hapa. Safari hii yako mwenyewe."

Baba akainama. Nilitaka kulia, na nilitaka twende nyumbani. Kalamu ikasimama hewani, ikakaa hapo muda mrefu mpaka mhariri akavua miwani. Baba akaniinulia macho.

"Mwanangu," akaniuliza, "hivi yangu ikoje?"