Adelina Anakwenda kwa Baba Yake

Yustina alimlaza mtoto kwenye mkeka ukumbini, akamfunika kanga kwa ajili ya nzi, akaenda kisimani kuchota maji ya kukandia maandazi. Aliporudi, kanga ilikuwa palepale, imelala bapa. Bi Tabu, mwenye nyumba, alikuwa barazani anachambua mchele.

"Bi Tabu, mtoto uko naye?"

"Amekwenda kwa baba yake," alisema Bi Tabu. "Nimemwona akivuka barabara. Alikuwa anakwenda vizuri tu, amekaa kama mtu aliyebebwa, ila hakuna aliyembeba."

Adelina alikuwa hajaanza hata kutambaa. Yustina alitua ndoo, akatazama upande wa mikorosho, kule ilikokuwa jela.

Albano, mumewe, alifungwa kabla mtoto hajazaliwa. Siku ya mgomo wa makuli bandarini, mtu alirusha jiwe likavunja kioo cha lori la kampuni, na askari wakaambiwa wakamate wanaume wenye vumbi mikononi. Albano hakuwa kuli. Alikuwa mchonga vinyago, mtu wa Newala, na askari walimkuta bandani kwake hapohapo Temeke akichonga mpingo. Hakimu aliitazama mikono yake, akaona kweli ina vumbi, akampa miaka mitatu. Aliyerusha jiwe alijulikana na mtaa mzima. Alihamia Kinondoni, na kampuni ileile ikamwajiri udereva.

Arobaini ya mtoto ilipopita, Yustina alimpeleka aonwe na baba yake. Langoni alimkuta askari jela mmoja, Leonardi, kijana wa Bukoba mwenye sauti ya upole.

"Watoto wa kubebwa hawaruhusiwi, dada. Ndiyo amri."

Yustina alimwachia mtoto mama mmoja muuza mihogo, akaingia peke yake. Alimwambia Albano kwenye wavu wa wageni kwamba ni wa kike na anaitwa Adelina. Albano aliuliza amefanana na nani. Yustina akamwambia vidole gumba ni vyake. Albano akavitazama vidole gumba vyake mpaka muda ukaisha.

Sasa Adelina alikuwa amekwenda mwenyewe. Alirudi kabla jua halijazama, na unga wa mbao wa karakana ya jela nyuma ya masikio, ananuka sabuni ya kipande. Yustina alimwogesha, akamnyonyesha, akamlaza. Kesho yake mchana akaenda tena, na keshokutwa. Watu wa mtaani walizoea. Wenye baiskeli walipiga kengele wakampisha.

Mwanzoni Yustina alifurahi. Kisha akaanza kukosa usingizi. Mtoto alijifunza kukaa kulekule jela, si kwenye mkeka wake. Jino la kwanza alirudi nalo. Siku moja alirudi amenyolewa kichwa kizima.

Jumapili Yustina alikwenda wavuni amekunja uso.

"Wembe ulipata wapi?"

"Kipande cha chupa," alisema Albano.

"Kwenye kichwa cha mtoto, Albano?"

"Nilikwenda polepole. Alinyamaza, ananiangalia tu." Albano akacheka. Yustina alikuwa hajamsikia akicheka tangu akamatwe, na hasira yote ikamtoka, hakujua aiweke wapi.

Leonardi ndiye aliyemkatiza furaha. Alimsindikiza mpaka langoni, akasema bila kumtazama, "Dada, jioni wafungwa wanahesabiwa. Juzi mtoto ameondoka fimbo ya kuhesabia ikiwa mstari wa pili. Akihesabiwa, ni wetu."

"Mtoto mchanga?"

"Mwaka jana mbuzi wa jirani aliingia, akahesabiwa. Mwenyewe alikuja kumdai, akanyimwa. Mbuzi bado yumo, anasubiri muda wake uishe."

Basi Yustina akaanza kumzuia. Mchana alimfunga mgongoni akikanda unga, akifua, akifagia uwanja. Adelina alilia mpaka sauti ikakauka. Siku moja Yustina aliona dawa ni umbali, akamchukua matembezi mpaka Msasani kwa dada yake, Margareta. Waliondoka alfajiri, wakapanda lori la nazi, wakamalizia kwa miguu. Wakala wali kwa samaki. Margareta alimrusha mtoto juu na kumdaka, akampeleka kuloweka miguu ufukweni, na mtoto akacheka kwa kila wimbi. Ilikuwa siku nzuri. Baada ya chakula Yustina alimfunga mgongoni, akakaza mafundo mawili, akaegemea ukuta.

Margareta alikuwa anasimulia habari za nyumbani Newala Yustina alipohisi mgongo mwepesi. Mafundo yalikuwa hayajaguswa. Kanga ilikuwa bado na joto.

"Kutoka huku ni mbali," alisema Margareta. "Atachelewa."

Alichelewa kweli. Yustina alipofika Temeke magharibi imeingia, alimkuta mapajani mwa Bi Tabu, miguu imejaa mchanga wa Msasani na kichwa kimejaa unga wa mbao. Tangu siku hiyo hakumfunga tena. Alikaa barazani kila alasiri, anahesabu vivuli.

Kisha ikaja zamu ya bwana jela mpya, Mwingereza aliyependa mambo yafanyike mapema. Leonardi alikuja mbio na sare yake, mchana, jasho linamtiririka.

"Hesabu imesogezwa. Leo ni alasiri. Mtoto yuko wapi?"

Yustina alikuwa ameshatoka, hana viatu wala kilemba, akakimbia kupita mikorosho mpaka langoni. Leonardi alimfuata nyuma, akamfungulia kidirisha cha lango. Zaidi ya hapo hakuwa na ruhusa.

Wafungwa walikuwa wamechuchumaa kwa mistari. Bwana jela alikuwa anapita, anamgusa kila mtu kichwani kwa fimbo na kutamka hesabu kwa Kiswahili, polepole, asikosee. Albano alikuwa wa mwisho. Adelina alikuwa ameketi juu ya wayo wa baba yake, ameshika kidole chake. Fimbo ilimgusa Albano. Kisha ikamgusa Adelina.

"Amezidi mmoja," alisema bwana jela.

"Ni mtoto, bwana," alijibu nyapara. "Huja kumwona baba yake."

"Ana kosa gani?"

"Hana, bwana."

Bwana jela alifikiri. Alimtazama Albano, akaitazama mikono yake iliyotoka karakana muda ule. "Huyu ndiye wa jiwe? Mikono bado ina vumbi." Kisha akarudi kwa mtoto. "Amesamehewa. Atoke leo. Lakini atatoka kama wanavyotoka wafungwa wote, kwa miguu yake. Hapa hatumbebi mtu kumtoa."

"Hajui kutembea, bwana," alisema Albano.

"Basi atakaa mpaka ajue. Lango linafungwa jua likizama."

Albano aliomba ruhusa ya kusimama, akapewa. Alimsimamisha Adelina, akamshika mikono yote miwili, wakaanza kwenda. Mtoto alikunja magoti, akakaa. Akamwinua. Akakaa tena. Uani kulikuwa na mstari wa chokaa ambao mfungwa haruhusiwi kuuvuka, na toka pale mpaka langoni palikuwa na kiwanja kitupu. Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa ukuta.

Yustina alikuwa ameshika nondo za kidirisha. "Njoo, mama," aliita. "Njoo kwangu."

Kwenye chokaa Albano alichutama, akamwachia mkono mmoja, halafu wa pili. Adelina alisimama akiyumba. Hakumtazama mama yake. Aligeuka, akainua mikono kwa baba yake.

"Usigeuke," alisema Albano. "Nenda."

Mtoto hakwenda. Ndipo Albano akampa mgongo. Akakaa chini, uso ukutani, mikono kichwani, kama mtu asiyemjua. Adelina aliuangalia mgongo ule kwa muda mrefu. Alilia kidogo. Kisha akageuka, akavuka kiwanja, akianguka na kujiinua, na Leonardi akamfungulia lango bila kumgusa.

Tangu hapo hakwenda tena. Kila mchana alilala kwenye mkeka mpaka alasiri, kama watoto wote, na Yustina alikaa karibu yake hata pale ambapo hapakuwa na haja.

Jumapili walikwenda pamoja, Adelina anatembea mwenyewe, Bi Tabu nyuma yao na mwavuli. Leonardi aliwaona wakija, akaangalia chini.

"Anatembea, hilo ni sawa," alisema. "Lakini alishahesabiwa hapa, akaachiwa. Aliyewahi kufungwa haruhusiwi kumtembelea mfungwa. Nisamehe, dada. Ndiyo amri."

Yustina alimwachia Bi Tabu mtoto, akaingia.

Albano alikuwa ameshasimama wavuni, anatazama nyuma ya bega lake.

"Hayupo?"

"Yuko nje. Wamemkataza."

Albano aliitikia kwa kichwa. Akauliza, "Anafika wapi sasa?"

"Mpaka kisimani."

"Anaanguka?"

"Anaanguka."

"Anajiinua mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Vizuri," alisema Albano. Kengele ikalia, akaenda kuchuchumaa kwenye mstari.