Klachi ya Kinyonga

Bibi harusi alipohamia kwa wakwe zake hakuja na kabati wala vyombo vya watu kukodolea macho. Alikuja na jiliwa la kubania vyuma, masanduku mawili ya spana, na injini ya pikipiki aliyoifunga kwenye gunia na kuipakata njia nzima kama mtoto mchanga. Karakana aliyokuwa amepanga ilikuwa imevunjwa kupisha barabara. Mumewe, kinyozi mwenye ulimi mkali kuliko wembe wake, alimtoa wasiwasi: kwa baba nafasi ipo tele. Nafasi ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ndani ya banda la useremala.

Ikawa banda moja, mafundi wawili. Upande wa dirisha baba mkwe akiranda mbao, upande wa mlango mkwewe akifungua injini. Vumbi la mbao likajaa kwenye kabureta za watu, na oili nayo ikachora ramani kwenye milango iliyokwisha kupigwa msasa. Lakini mzee hakuwa mtu wa ugomvi, na fundi alikuwa mkwe mpya mwenye adabu zake, kwa hiyo kila mmoja alimeza yake. Asubuhi ilikuwa "shikamoo, Baba" na "marahaba, mwanangu", na baada ya hapo vikazungumza msumeno na nyundo mpaka jua litue. Mtaani walikwisha kumbatiza fundi jina la Mama Grisi, ingawa mtoto hakuwa naye bado. Mama mkwe alicheka aliposikia, akasema afadhali grisi kuliko majungu.

Jambo moja katika nyumba ile halikuzungumzwa. Mwaka uliotangulia harusi, msumeno wa umeme ulikuwa umemkata mzee vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Kidonda kilipona, akarudi kazini, akajifunza upya kushika patasi. Lakini mkono ule ukimaliza kazi tu, uliingia mfukoni. Mezani mfukoni, barazani mfukoni. Watu wa nyumbani wakajizoeza kutoutazama, na fundi naye akafuata desturi aliyoikuta.

Kwenye kona, nyuma ya mbao zilizoegemezwa ukutani, kulikuwa na kitu kimefunikwa pazia kuukuu. Mbwa hunusa mfupa, na fundi alinusa pikipiki. Siku moja alipokuwa akitafuta pa kuweka matairi, aliinua pembe ya pazia akaona gurudumu la nyuma, nene, lenye meno laini. Akainua zaidi. Haikuwa pikipiki ya kupakia abiria wala magunia. Haikuwa na kiti kabisa. Ilikuwa nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, tumbo lake limeinuka juu ya ardhi, na vikanyagio vyake vilikuwa vipana kwa ajili ya mtu anayesimama muda wote.

Mumewe alimweleza jioni ile. Baba yake alikuwa mchezaji wa mchezo wa mawe, ule ambao watu hawashindani mbio; wanapanda majabali, magogo na kingo za mito kwa pikipiki, na kila mguu unapogusa chini mtu anaandikiwa kosa. Anayemaliza na makosa machache ndiye mshindi. Wenzake walimwita Kinyonga, kwa sababu alipita juu ya jiwe polepole, akisimama, akitikisika kidogo, akisogea tena, na mguu wake haukugusa chini mpaka watu wakachoka kungoja.

"Sasa ile klachi inavutwa na kidole cha shahada, kushoto," kinyozi alisema. "Kwenye mawe unaivuta na kuiachia kila sekunde. Bila hicho kidole, hakuna mchezo. Mwache mzee, asikumbushwe."

Fundi alimwacha, kwa siku kadhaa. Lakini chombo kizima kikikaa bure kilimwasha mwilini kama upupu. Siku mzee alipokwenda kufunga mlango kwa mteja, aliitoa pikipiki uani. Akamwaga petroli iliyooza, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi, akaitia upepo kwenye matairi. Alipopiga kiki, ilikohoa. Alipopiga tena, iliwaka, ikanguruma kwa mlio mwembamba unaopanda wenyewe na kushuka.

Alipoinua kichwa, mzee alikuwa amesimama kwenye lango na sanduku lake la vifaa begani. Fundi alitamani ardhi impasukie. Mzee alitua sanduku, akasikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Inavuta hewa pembeni," alisema mwishowe. "Angalia ule mpira kati ya kabureta na injini."

Fundi aliangalia. Mpira ulikuwa umepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Siku ile walizungumza kuliko walivyozungumza tangu harusi: juu ya mpira, juu ya oili nyepesi inayofaa gia, juu ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu la cheni, ambayo meno yake mzee aliyaongeza miaka iliyopita ili pikipiki itembee polepole kama mtu anayevizia. Lakini fundi alipomwambia apande azunguke uani, mzee alitikisa kichwa. Alisema klachi haivutwi kwa maneno, akaingia ndani.

Mama mkwe, aliyekuwa akianika nguo, alikuwa amesikia yote. Alisogea karibu na fundi akamwambia kwa sauti ya chini kwamba kuvunjika kwa koleo sio mwisho wa uhunzi, na kama yeye ni fundi wa kweli, kazi ile hapo.

Fundi aliipokea kazi kwa kiherehere. Aliwaza hivi: vidole vimekwenda, gumba limebaki, basi gumba ndilo livute. Akatengeneza leva, yaani mkono wa klachi, ya kusukuma kwa gumba, akaifunga kwenye usukani kwa ndani, akapitisha waya mpya, akaipaka rangi nyeusi ikapendeza. Hakumuuliza mzee chochote. Alitaka iwe zawadi.

Mzee alipoiona alivua ndara, akavaa viatu vyake vya zamani. Akapanda, akasimama kwenye vikanyagio, na kwa dakika ile alionekana mrefu zaidi. Alisukuma gumba, akaingiza gia, akaanza kuachia taratibu. Mkono ukateleza. Gumba lililokuwa likisukuma leva halikuweza wakati huohuo kushika usukani, na pikipiki ikaruka kama punda aliyechomwa mwiba. Ilivuka ua, ikapita katikati ya kamba ya nguo, ikaenda kulala juu ya rundo la mbao. Mzee alikutwa chini, kichwani ana shuka la maua, na goti linavuja damu.

Mama mkwe alianza kucheka, akajizuia alipomwona mumewe. Mzee hakucheka. Alijitoa kwenye shuka, akasema asante mwanangu umejitahidi, akaingiza mkono mfukoni, akaenda zake. Asante ile ilimuuma fundi kuliko tusi. Jioni kinyozi alimwambia mkewe kwamba alikwisha kumwonya. Fundi alikuwa na swali lake. Akipokea pikipiki ya mteja hushika kwanza, hutikisa, husikiliza, ndipo hufungua. Sasa ilikuwaje atengeneze kitu cha kuvaliwa na mkono ambao hajawahi hata kuutazama?

Kesho yake alipiga moyo konde. Alimkuta mzee akinoa patasi kwenye jiwe. Akamwamkia, kisha hakwenda upande wake wa banda. Alibaki amesimama palepale.

"Baba, jana nilikosea," alisema. "Nilipima pikipiki, sikukupima wewe. Naomba niuone mkono."

Mzee aliendelea kunoa. Patasi ilikwenda na kurudi, ikaenda tena. Fundi alifikiri amevuka mpaka ambao mkwe havuki. Kisha mzee akafuta patasi, akaiweka kando, akautoa mkono mfukoni na kuulaza juu ya meza ya kurandia, kiganja juu.

"Hata daktari aliutazama mara moja tu akafunga bandeji," alisema. "Tazama."

Fundi aliushika. Ulikuwa mkono wa moto, mgumu, umejaa sugu. Akakunja kidole kimoja kimoja, akauliza kila mahali kama panauma. Ndipo akaona alichokuwa hajakiona: kovu halikuishia kwenye vidole vilivyokatika. Lilishuka mpaka kwenye mzizi wa gumba, na gumba lenyewe, ukilisukuma kidogo, lilitetemeka na kuchoka. Katika vidole vyote vilivyobaki alikuwa amechagua kile kisichoweza. Lakini kidole cha pete kilikuwa kitu kingine. Mwaka mzima kilikuwa kimefanya kazi ya vidole vitatu, kushika mbao na kubana misumari. Fundi alipompa mkono wake na kumwambia avute, kidole kile kilimvuta mwili mzima mpaka akashika meza.

"Hiki kinang'oa mlango," alisema, na kwa mara ya kwanza mzee alicheka naye.

Sasa wakaanza upya, wawili. Leva ya kawaida haikufaa, kwa kuwa ilipindika mbali na kidole cha pete. Fundi alitaka kuchora. Mzee alisema michoro ni ya watu wasiojua mbao, akachukua kipande cha mti mgumu, akachonga leva ya mfano. Akaishika kwenye usukani, akavuta, akakunja uso, akaipunguza kwa msasa, akavuta tena. Vipande vitatu viliishia kuwa kuni. Cha nne kilikaa kwenye kidole kama pete yenyewe: kirefu kidogo, kimejikunja kuelekea usukani, na kimeishia pale kidole kidogo kinapoanza, ili kidole hicho pamoja na gumba vibaki na kazi ya kushika tu. Fundi alichukua mfano ule, akakata alumini nene kwa msumeno wa chuma, akaipiga tupa mpaka mabega yakawaka moto. Vumbi la mbao na la chuma vikachanganyika sakafuni, na hakuna aliyelalamika.

Klachi yenyewe bado ilikuwa nzito kwa kidole kimoja. Fundi alirefusha ule mkono mdogo wa chuma unaovutwa na waya pale kwenye injini, ikawa nyepesi. Mzee alijaribu, akasema ni nyepesi lakini haiachii vizuri, pikipiki inasogea hata klachi ikivutwa mpaka mwisho. Ilikuwa kweli: alikuwa amerefusha mno. Akapunguza, akafungua upande wa injini, akasafisha sahani za klachi zilizogandamana kwa kukaa, akabadilisha springi, akaweka nyingine laini kidogo. Walibishana kutwa nzima. Mzee alitaka milimita moja zaidi, mkwewe akasema hiyo milimita ataitoa wapi, kwa mchungaji wa milimita? Mama mkwe akawaletea chai, akawaambia wanabishana kama mitume wawili wa dini moja.

Safari hii kamba ya nguo ilitolewa kwanza. Mzee alipanda, akavuta kwa kidole cha pete, akaachia. Pikipiki ilisogea hatua moja, ikasimama. Ikasogea tena, ikasimama. Akapandisha gurudumu la mbele juu ya gogo, akatulia hapo, miguu yote juu, hakuna kinachotembea isipokuwa mabega yake yanayotafuta mizani. Kinyozi, aliyekuwa amefunga duka mapema bila kusema sababu, alisimama mlangoni mdomo wazi. Fundi hakumtazama mtu. Alitazama kidole.

Baada ya mvua kupita, walimpeleka kwenye mashindano, katika machimbo ya zamani ya mawe nje ya mji. Wakongwe wenzake walimpokea kwa kelele, wakauliza Kinyonga alikuwa amejificha kwenye mti gani. Alianza vibaya. Jiwe la kwanza alitua miguu yote miwili, la pili akaanguka kwenye matope, na fundi alikimbia na spana kunyoosha kikanyagio kilichopinda, akijiuliza kama amemleta mzee wa watu kuaibika.

Halafu ukaja mwinuko ambao vijana wawili walikuwa wamekwisha kuushindwa: mwamba uliokatwa kama ngazi, kila ngazi ikifika kiunoni, na utelezi juu. Mzee alisimama chini yake muda mrefu. Mwamuzi alitazama saa. Mzee alitikisika, akasogea, akasimama. Kidole kikavuta, kikaachia, injini ikabweka mara moja, naye akawa juu ya ngazi ya kwanza. Akatulia. Kidole kikavuta, kikaachia. Ngazi ya pili. Ya tatu gurudumu la nyuma liliteleza, pikipiki ikalala upande, goti likakaribia mwamba, na wote waliokuwepo wakangoja mguu ushuke. Haukushuka. Kidole kilivuta nusu tu, kikashikilia hapo, na pikipiki ikarudi wima polepole, ikapanda, ikapotea juu ya ukingo.

Mwamuzi aliinua ngumi iliyofungwa, maana yake hakuna kosa. Mama mkwe, ambaye maisha yake yote alisema mchezo ule ni wa watu waliokosa kazi, alimkumbatia fundi pamoja na grisi yake yote.

Kwa jumla hakushika nafasi ya kutajwa. Wenzake walikuja kuitazama ile leva, wakaivuta, wakaikuta ya ajabu mikononi mwao, maana haikutengenezwa kwa ajili yao. Mzee aliwaeleza habari za mfano wa mti na habari za sahani za klachi, na kila alipofika mahali penye ufundi wa chuma alisema, "Hapo muulizeni mwanangu," akaendelea kunywa maji.

Kesho yake walikuwa bandani, wanachokonoa matope kwenye cheni. Mzee alisema springi za mbele ni laini mno, zinazama akitua. Fundi alisema springi hazina neno, aliyezidi uzito ni mpandaji. Mzee akasema mkwe gani huyu asiye na heshima. Fundi akamjibu kwamba heshima ipo, lakini mizani nayo ipo, pale jikoni, akitaka ataileta. Wakaendelea hivyo, mmoja akishika, mwingine akifungua, mpaka springi zote mbili zikawa mezani na chakula kikaitwa mara ya tatu.